"Groundnut scheme" ya Waingereza imetoka huku kwetu

Ndugu, msemo wa Kiingereza "groundnut scheme" (mradi wa karanga) asili yake ni Tanganyika. Mwingereza akiuita mradi wa serikali "groundnut scheme" anamaanisha umekula fedha nyingi na haukuzaa kitu. Chanzo ni ule mradi wa karanga wa 1947 hadi 1951. Baada ya vita Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, wakapanga kulima karanga kwenye zaidi ya ekari milioni 3 huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Habari za mvua hawakuzichunguza vya kutosha. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa mgumu kama saruji, karanga haing'oki, na mibuyu nayo iliwatoa jasho, pamoja na kwamba walileta hadi vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta! Hasara ikafika pauni milioni 36 hivi. Wapinzani wa serikali bungeni London wakaigeuza kejeli, na kejeli ikabaki kwenye lugha.

Sisi wa kusini angalau tulipata bandari ya Mtwara ya kina kirefu, inayopakia korosho mpaka leo. Tulipata na reli ya Nachingwea pia, ila ilifungwa 1962 na baadaye ikang'olewa. Wazee wa huku ukiwauliza watakuonyesha ilikopita.

Usiuchanganye tu na "peanuts" (nayo ni karanga kwa Kiingereza) ya mshahara kiduchu. Hiyo ni ya Wamarekani na ilikuwepo kabla ya mradi huu.