Baiti ya sifuri: usiifute kabla hujajua imetoka wapi

Msimu mmoja wa parachichi nilikuwa Iringa mjini nikipitia ripoti ya mizigo iliyopokelewa vituoni wilayani Kilolo, nikakuta kituo kinachoitwa Kiloloange. Kilolo naijua, Ng'ang'ange naijua. Kiloloange haipo. Jina hilo lilizaliwa na mstari mmoja wa programu niliouandika mwenyewe siku chache kabla, na ndugu yangu unayeanza kazi hii, ningependa ujue lilivyozaliwa kabla hujaandika mstari kama huo.

Mzani wa kidijitali ulikuwa unatuma jina la kituo katika nafasi ya baiti 32. Jina likiwa fupi, nafasi zinazobaki zinajazwa baiti za sifuri. Ng'ang'ange ina alama 11 ukihesabu na vile vikoma vya juu, kwa hiyo nyuma yake zinakuja sifuri 21. Kiendeshi cha PostgreSQL, hifadhidata tuliyoitumia, kikazikataa rekodi zote, kikitoa ujumbe unaotaja 0x00, yaani baiti ya sifuri. Watu vituoni wanasubiri stakabadhi, simu zinaita. Nikaandika amri ya kufuta kila baiti ya sifuri, makosa yakakoma, nikaenda kulala.

Baadaye mzani ule ukahamishiwa kituo kingine. Ulipoandikiwa jina jipya haukusafisha nafasi yote. Uliandika Kilolo juu ya jina la zamani, ukaweka sifuri moja ya kuonyesha mwisho, na mkia wa Ng'ang'ange ukabaki palepale (\0 ni baiti ya sifuri):

Kilolo\0ange\0\0\0\0…

Kwa mzani, jina linaishia kwenye sifuri ya kwanza, na kinachofuata ni takataka. Mimi kwa kuifuta sifuri ile nilibomoa ukuta uliotenganisha jina na takataka. Dawa ilikuwa kukata, si kufuta. Kwa Python ni jina.split('\x00', 1)[0], na mkato huo ufanyike palepale data inaposomwa kutoka kwenye mzani.

Hapa wengi wanachanganya vitu vitatu, kwa hiyo tuvitenganishe. Sifuri inayoanza namba ya simu ni herufi ya kawaida, baiti yake ni 30 kwa hesabu ya heksadesimali. NULL ya SQL si herufi wala baiti, inasema tu kwamba thamani haipo. Baiti ya sifuri ni 00 yenyewe, alama halali ya ASCII na ya Unicode, ila skrini haikuonyeshi. Ukichapisha jina kwa print utaona jina safi. Tumia repr(), au pitisha faili kwenye xxd, programu inayoonyesha baiti moja moja, ndipo utaiona.

Ugomvi wake na hifadhidata unatokana na lugha ya C, ambamo baiti hiyo ndiyo alama ya mwisho wa maandishi. PostgreSQL imeandikwa kwa C na haikubali kabisa baiti ya sifuri ndani ya safu ya text, hata ukiiandika kama \u0000 ndani ya jsonb, aina yake ya safu ya JSON. Ukitaka kuihifadhi, tumia bytea, aina ya safu inayohifadhi baiti jinsi zilivyo. MySQL inaipokea. SQLite nayo inaipokea, lakini length() inahesabu hadi sifuri ya kwanza tu, na mtu akikuambia jina lina herufi sita utamwamini. Kwangu mimi, hifadhidata inayokataa kwa sauti ni rafiki kuliko inayopokea kimyakimya.

Sasa usichukue ile amri ya kukata ukaibandika kila mahali. Bwana shamba anakuletea orodha ya wakulima aliyoihifadhi kutoka Excel kama maandishi ya Unicode, yaani UTF-16. Humo neno Kilolo liko hivi:

FF FE 4B 00 69 00 6C 00 6F 00 6C 00 6F 00

Baiti mbili za mwanzo zinatambulisha mpangilio, kisha kila herufi inafuatwa na sifuri. Ukikata kwenye sifuri ya kwanza unabaki na K. Ukifuta sifuri zote unapata Kilolo na uchafu kidogo mbele, unaona umeshinda. Halafu linakuja jina la Ng’ang’ange, na orodha ya bwana shamba ina kile kikoma kilichopinda. Katika UTF-16 kikoma hicho ni 19 20, hakina sifuri ya kufutwa. Programu yako inakisoma kama alama moja isiyoonekana na nafasi tupu, na jina linavunjika vipande vitatu. Lugha yetu imejaa ng', kwa hiyo utakutana na jambo hili mapema kuliko unavyodhani. Hapo hakuna cha kufuta wala kukata: faili imesomwa kwa usimbaji usio wake. Ifungue kwa encoding='utf-16' na sifuri zitatoweka zenyewe.

Kwa fomu za mtandaoni mambo ni mafupi zaidi. Mtu anayeandika jina lake kwa kibodi hawezi kuingiza baiti ya sifuri kwa bahati mbaya. Ikija, kuna programu yenye kasoro au kuna mtu anajaribu milango yako. Ikatae, mrudishie ujumbe unaoeleweka, andika kwenye kumbukumbu za seva. Ukiamua kusafisha, safisha kabla ya ukaguzi wowote, maana "amani" na "amani\0" ni watumiaji wawili kwenye programu na mmoja tu baada ya kusafisha.

Jambo la mwisho linahusu tableti zinazokusanya data porini bila mtandao. Zetu zilikuwa na SQLite, inayopokea kila kitu, na jioni zinatuma rekodi kwenye PostgreSQL kwa muamala mmoja. Rekodi moja yenye sifuri inaangusha kundi zima, na wakulima ambao data yao ni safi wanakosa malipo kwa sababu ya jirani. Tenga rekodi mbovu kwenye jedwali lake, baiti zake za asili zikiwa kwenye safu ya bytea, na zilizobaki ziendelee. Kuzitafuta ndani ya tableti tumia hivi:

SELECT id FROM mizigo WHERE instr(CAST(kituo AS BLOB), x'00') > 0;

Endesha swali hilo kabla ya kutuma, si baada ya simu kuanza kuita.