Mama anasikia sauti ila maneno hayaelewi, niongeze kwenye apu?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama ana miaka 76, anakaa Mbagala, mimi niko Dodoma kikazi. Alipimwa akapewa mashine za masikio zinazoungana na simu, na mtaalamu huwa anamrekebishia akiwa mbali. Siku hizi analalamika anasikia sauti ila maneno hayaelewi, halafu ya kulia inapiga filimbi. Nilimwambia mdogo wangu aongeze sauti kwenye apu mpaka mwisho, wapi. Kuna jamaa Kariakoo anauza za bei poa, anasema zina nguvu kuliko hizo. Nichukue?

JIBU: Marahaba. Mwambie mdogo wako aishushe hiyo sauti leo leo.

Jamani hili la kuongeza sauti nakutana nalo kila siku mpaka nimechoka. Sikio la uzee linaanza kupoteza sauti nyembamba, ndiyo maana a, e, o mama anazipata vizuri ila s, f, sh, t zinampita, unasema "saa" yeye anasikia "aa" basi anabaki kubahatisha. Ukiongeza kila kitu kwa pamoja unamletea spika za kigodoro, bati linatikisika ila mwimbaji kasema nini hujui. Na masikio haya yana tabia moja mbaya, sauti ndogo haisikiki, ukipandisha kidogo tu inauma, mzee anavua mashine anaitupa kabatini watoto mnasema mama mbishi.

Filimbi ni sauti inayovuja sikioni na kurudi kwenye maikrofoni, kwahiyo ukiongeza unaichochea tu. Mara nyingi ni nta imejaa, au kile kipira cha mashine kinachoingia sikioni hakikai vizuri. Mtaalamu wa mbali anaweza kupandisha sauti nyembamba peke yake, kupunguza kelele, hata kupunguza filimbi, lakini nta haioni. Mpeleke mama kwanza achunguliwe sikio, isafishwe, ndo muombe marekebisho. Na asipigwe vijiti vya pamba, vinaisukuma ndani.

Huyo jamaa wa Kariakoo kampima mama lini? Anayekuuzia bila kipimo anakuuzia kipaza sauti, na kelele kubwa kila siku inaweza kumalizia hata hicho kidogo kilichobaki. Siku hizi wapo na wa mtandaoni, "tunapima kwa WhatsApp", unatuma hela unaletewa kifaa na bodaboda, hakuna aliyechungulia sikio! Halafu wale wa mafuta ya kitunguu saumu, sijui mshumaa wa sikio, ngoma ya sikio ikiwa na tundu unapeleka uchafu ndani kabisa, mtu anatoka usaha anaambiwa ndo ugonjwa unatoka, mtihani kwelikweli.

Kitu kimoja hakisubiri video wala mtaalamu wa mbali: mzee akiamka sikio moja limekata ghafla, siku hiyohiyo apelekwe kwa madaktari wa pua, koo na masikio, Muhimbili au hospitali yoyote yenye kitengo hicho, maana kuna dawa ambayo ukichelewa wiki kadhaa haisaidii tena.