Sabufa inavuma hata sauti ikiwa sifuri: usikimbilie transfoma, pima kapasita

Mkuu, umesema sabufa yako inavuma "mmm" nzito muda wote, hata ukishusha sauti mpaka mwisho, na fundi mmoja hapo Ngarenaro, Arusha, amekwambia ununue transfoma mpya. Shika hela yako kwanza. Chomoa nyaya zote za kuingiza sauti. Ikinyamaza, sabufa ni nzima, shida iko kwenye deki au nyaya. Ikiendelea, ndiyo uifungue.

Niko Moshi, kazi yangu ndiyo hii, na mvumo wa hivyo mara nyingi ni zile kapasita kubwa mbili, vile vikopo vya kuhifadhi umeme, karibu na daiodi, vile vinavyopitisha umeme upande mmoja tu. Umeme wetu ni 50 Hz, yaani mawimbi 50 kwa sekunde. Ukishapita kwenye daiodi nne unatoka na mawimbi 100 kwa sekunde, na kapasita ndiyo inayoyasawazisha. Ndani ina majimaji ya kemikali. Joto likiyakausha, mawimbi yanapita hadi kwenye spika.

Macho yanadanganya. Iliyovimba kichwa imekwisha, hilo halina ubishi, lakini nyingi hukauka zikiwa bapa kabisa. Na ile gundi ya kahawia chini yake wengi hudhani ni kapasita imevuja. Ni gundi ya kiwandani, ila ikishaungua hivyo ikwangue, huwa inapitisha umeme.

Weka mita ya kupimia umeme kwenye volti za AC (umeme wa mawimbi), gusa miguu miwili ya kapasita sabufa ikiwa imewashwa na iko kimya. Nzima husoma sehemu ndogo tu ya volti. Ukiona volti moja au zaidi, imechoka. Mita za bei rahisi hudanganywa na DC (umeme ulionyooka): geuza nyaya zake, upande mmoja ukisoma sifuri na mwingine namba kubwa ajabu, usiiamini.

Kununua: maikrofaradi (kipimo cha ujazo wa kapasita) zilezile au zaidi kidogo, volti zilezile au zaidi, kamwe zisipungue. Chukua ya 105°C, achana na ya 85. Ipime mkononi pia. Kuna ganda kubwa ambalo ndani limefichwa kapasita ndogo, na utaijua kwa wepesi.

Kabla ya kung'oa piga picha. Mstari kwenye kapasita ni hasi, lakini alama za kwenye bodi hazifanani viwanda vyote. Kama sabufa yako haina transfoma nzito bali ile pawa saplai nyepesi ya kisasa, kapasita yake kubwa inabaki na volti kama 320 hata ukishachomoa. Imalize kwa balbu ya kizamani ya waya. Wanaopiga shoti kwa bisibisi siwaelewi.

Ukishachoma solda, washa mara ya kwanza ukiwa umepitisha umeme kwenye balbu hiyohiyo ya 60 W, iwe njiani kwenye waya mmoja wa umeme unaoingia kwenye sabufa. Ikiwaka mara moja kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zima haraka ukaangalie kama hujageuza chanya na hasi.