Gesi ya kuchanganya, gesi mseto ama gesi mbadala?

Fundi mmoja wa friji na AC wa Kongowea auliza: "Dukani kwetu R-407C, gesi ya kupozea, twaiandika kwenye risiti 'gesi ya kuchanganya' lakini mteja kanambia hiyo yaitwa 'gesi mbadala'. Nani ana haki?"

Fundi wangu, mteja hajakosea ila hajamaliza, maana mbadala yataja kazi tu, kwamba hii imeshika nafasi ya R-22, gesi ya zamani ya kupozea inayoondolewa kwa Itifaki ya Montreal ya 1987 sababu yaharibu tabaka la ozoni, lakini ndani mna nini haisemi, hata gesi moja tupu yaweza kuwa mbadala.

Linalonitia wasiwasi ni hilo "ya kuchanganya". Nguo za kufua hazijafuliwa bado, sivyo? Basi kijana anayejifunza kazi akisoma "gesi ya kuchanganya" atafahamu ni ya yeye kuichanganya, aiongeze juu ya R-22 iliyobaki kwenye mashine, na hapo presha haisomeki tena na oili pia ni mbalimbali, kompresa yaweza kufa. R-407C imeshachanganywa kiwandani, R-32 asilimia 23, R-125 asilimia 25 na R-134a asilimia 52 kwa uzani. 407A na 407B ni gesi zizo hizo tatu kwa vipimo vingine.

Kwa hivo ni "iliyochanganywa", kuna aliyeichanganya kwa kipimo. "Iliyochanganyika" siipendi hapa kabisa, yaficha mtendaji, mtu aweza kudhani mtungi umeingia uchafu.

Lakini kwenye risiti mimi ningeandika mseto, ni fupi na ni kweli zaidi. Mseto wa mchele na pojo umepikwa sufuria moja lakini pojo waiona na mchele wauona, na R-407C ndo hivo, ikivuja R-32 na R-125 hutangulia kutoka kwa wingi, R-134a ikabaki imezidi, ndo maana hujazwa ikiwa majimaji, si mvuke, la sivyo kipimo chaharibika. (R-410A nayo ni mseto, nusu R-32 nusu R-125, ila zake hutoka karibu sawasawa.)

Andika hivi: "gesi mseto R-407C, mbadala wa R-22". Na hiyo C usiiache.