Kabla hujawaita wapiga mbizi, pima msukumo wa shafti

Nikiwa injinia wa tatu kwenye meli ya shehena kichele, tulikaa nanga wiki tano nje ya Mombasa tukisubiri gati. Maji ya joto, chombo hakisogei: hiyo ni karamu ya mwani na magamba ya baharini. Tulipong'oa nanga, kipimo cha msokoto kwenye shafti, ule mhimili unaotoka kwenye injini kwenda kuzungusha rafadha (propela), kilikuwa kimepanda na mwendo umeshuka. Ofisi ikaamua kwamba bodi, yaani mwili wa meli chini ya maji, imechafuka. Wapiga mbizi wakaisugua siku mbili. Safari iliyofuata mafuta yaliteketea karibu vilevile.

Kumbe rafadha ilikuwa haijaguswa, na mapanga yake yamejaa ukoko mgumu kama chokaa. Kuyang'arisha ilikuwa kazi ya saa chache tu. Chifu wetu, yaani injinia mkuu, mzee wa Tanga asiyependa maneno mengi, aliniambia: "Mwanangu, tulipima jasho la mpiga kasia. Kasia linasukuma nini, hatukupima."

Msokoto hukuambia injini inatoa nguvu kiasi gani kuzungusha shafti, basi. Msukumo ni ile nguvu ambayo rafadha inarudisha kupitia shafti, ikapokelewa na beringi ya msukumo, ikaupeleka mwili wa meli mbele. Ukiwa na vyote viwili, mshitakiwa hujulikana. Kama kwa mwendo uleule unahitaji msukumo mkubwa kuliko zamani, bodi ndiyo inayokuvuta nyuma. Kama msukumo ni uleule lakini msokoto na mizunguko vimebadilika, kaitazame rafadha. Nasema hivi kwa hali ya bahari na uzito wa shehena vinavyolingana; ukilinganisha siku ya kusi kali na siku ya bahari shwari, unajidanganya mwenyewe.

Sasa, mbona meli nyingi zina kipimo cha msokoto na hazina cha msukumo? Kwa sababu msukumo ni mgumu kupima, tena mgumu kweli. Chukua shafti ya chuma yenye kipenyo cha milimita 600, inayopitisha kilowati 10,000 kwa mizunguko 110 kwa dakika. Msukumo wake unaweza kuwa kama tani 120. Inaonekana nguvu ya kutisha, lakini mita moja ya shafti hiyo itafupika kwa milimita 0.02 tu. Chuma chenyewe, kikipata joto kwa digrii moja ya sentigredi, hurefuka milimita 0.012 kwa kila mita. Yaani digrii mbili za joto zinatosha kuufunika msukumo wote.

Hilo nililijua kwa aibu. Miaka kadhaa baadaye, meli nyingine, tulifungiwa geji, vile vikaratasi vyembamba mfano wa stempu vinavyogundishwa kwenye chuma kupima kinavyorefuka au kufupika. Sifuri, ile namba ya kuanzia ambapo hakuna msukumo, tukaiweka mara tu injini iliposimama, shafti bado ya moto upande wa tezi (nyuma ya meli). Usiku wa kwanza, kwa mujibu wa kompyuta, rafadha ilikuwa inatuvuta kinyumenyume. Na bado tulikuwa tunakwenda mbele maili kumi na mbili za baharini kwa saa!

Kwa hiyo sifuri isiwekwe kwa haraka. Ngoja shafti ipoe ilingane na chumba, kisha izungushe polepole kwa mota ya kugeuzia, mbele na nyuma, uchukue wastani. Fanya hivyo kila unapopata nafasi bandarini, si mara moja kwa mwaka. Angalia pia kama mkondo wa maji unapita kwenye rafadha, maana huo nao ni msukumo.

Jambo la pili ni fundi anayegundisha. Mstari uchorwe kwa vifaa, jicho lisiaminiwe. Kwenye shafti niliyoitaja, geji ikipinda digrii moja tu, msokoto huingia kwenye kipimo cha msukumo na kukipotosha kwa zaidi ya sehemu moja ya tano. Dalili yake ni rahisi: namba ya msukumo inapanda na kushuka sambamba na msokoto kila saa, hata pale ambapo haipaswi. Geji zipangwe pia nne kwa mzunguko wa daraja (saketi ya umeme inayolinganisha geji zenyewe kwa zenyewe), mbili kwa urefu na mbili kwa upana, pande mbili za shafti, ili joto na kupinda kwa shafti vijifute vyenyewe.

Njia nyingine ni kuweka vihisi nyuma ya vitako vya beringi ya msukumo, vile vipande vinavyobeba msukumo. Mimi naipenda, kwa kuwa hapo hupimi kufupika kwa chuma bali nguvu yenyewe. Lakini kwenye meli iliyokwisha kujengwa ni kuifungua beringi, na hakuna mwenye meli anayefurahia hilo nje ya chelezo, pale meli inapotengenezwa ikiwa nje ya maji.

Daftari langu la sifuri bado ninalo. Kila bandari ina mstari wake: tarehe, joto la shafti karibu na tezi, joto karibu na injini, namba ya mbele, namba ya nyuma. Safu ya joto niliiongeza baada ya ule usiku wa kwenda kinyumenyume.