Barua kwa mwanangu: Hotspur, mpaka wa Uskoti na fedha za mateka

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Nimefurahi kwamba ushabiki wako wa Tottenham ndio uliokufikisha kwa Sir Henry Percy, yule aliyeitwa Hotspur, ambaye vijana wa London walilichukua jina lake walipoanzisha klabu yao mwaka 1882. Umeniuliza iweje mtu aliyelinda mpaka wa kaskazini wa Uingereza kwa miaka mingi akauawa vitani akipigana na mfalme wake mwenyewe, na ukaongeza kwamba kila unaposoma unaambiwa tu kuwa alikuwa mtu wa hasira. Hasira alikuwa nayo, sibishi. Hata hivyo, naamini kwamba hasira peke yake haitoshi kulieleza jambo hili, na kwamba jibu la swali lako limo katika namna vita vya mpakani vilivyoendeshwa, na hasa katika fedha zilizotokana na mateka.

Percy alizaliwa mwaka 1364 katika ukoo mkubwa wa makabaila wa kaskazini, na baba yake ndiye aliyekuwa Erli (cheo cha juu cha kikabaila) wa kwanza wa Northumberland. Alikuwa hajatimiza miaka 13 Mfalme Edward wa Tatu alipomvika uungwana wa vita. Katika nchi yao, kuanzia Berwick kwenye pwani ya mashariki hadi Carlisle upande wa magharibi, vita havikungoja kutangazwa. Kikosi cha wapanda farasi kilivuka mpaka, kikachoma vijiji na mazao, kikaswaga ng'ombe na kondoo, kisha kikarudi kwao kabla jeshi la upande wa pili halijakusanyika. Waskoti walifanya hivyo, na Waingereza walifanya vilevile. Mfalme alikuwa mbali, kwa hiyo aliingia mkataba na mlinzi mkuu wa mpaka, ambaye alipaswa kuajiri askari na kutunza ngome, na katika siku za suluhu kukutana na mwenzake wa Uskoti ili wasikilize mashauri ya wizi na mauaji kwa kufuata sheria za mpakani zilizoandikwa tangu mwaka 1249. Hotspur alipewa ulinzi wa upande wa mashariki akiwa kijana wa miaka 20 na kidogo. Malipo yaliyokubaliwa yalikuwa pauni 3,000 kwa mwaka wakati wa amani na pauni 12,000 wakati wa vita, na humo ndimo ulimotoka mshahara wa askari. Hazina ilipochelewa, na ilichelewa mara nyingi, mlinzi alilazimika kutoa mfukoni mwake.

Mwezi Agosti mwaka 1388 Mskoti James, Erli wa Douglas, aliingia Northumberland na kikosi chake, akachoma nchi mpaka karibu na Durham, kisha akasimama mbele ya kuta za Newcastle. Wanasimulia kwamba katika mapambano ya hapo langoni alimnyang'anya Hotspur kibendera cha mkuki wake na kuapa kwamba atakisimika juu ya ngome yake huko Uskoti. Hotspur akamfuata hadi Otterburn, mwendo wa kilomita 50 hivi, akafika jua likikaribia kuzama, na badala ya kuwapumzisha watu wake akashambulia papo hapo. Hilo lilikuwa kosa kubwa, kwa sababu silaha kuu ya Waingereza ilikuwa upinde, na gizani mpiga mishale hawezi kumtofautisha adui na mwenzake. Walipigana kwa mbalamwezi, kwa mikuki, mapanga na mashoka. Douglas aliuawa, lakini Waskoti walishinda, na Hotspur na mdogo wake Ralph wakachukuliwa mateka.

Hapa ndipo ninapotaka utulie, mwanangu. Muungwana aliyetekwa hakuwa mtu wa kuchinjwa, bali alikuwa mali ya yule aliyemteka, na ndugu zake walitakiwa kulipa fidia ili aachiwe. Mfalme wa wakati huo, Richard wa Pili, alichangia pauni 3,000 katika fidia ya Hotspur, na mwaka uliofuata alikuwa huru. Kwa hiyo alijua kwa mwili wake mwenyewe maana ya kukombolewa na mfalme wako.

Mwaka 1399 ukoo wa Percy ulimsaidia Henry wa Nne kumpindua Richard. Miaka mitatu baadaye, tarehe 14 Septemba 1402, Hotspur na baba yake waliliziba njia jeshi la Waskoti lililokuwa likirudi na nyara, kwenye kilima cha Homildon karibu na Wooler. Alikuwapo pamoja nao George Dunbar, kabaila wa Uskoti aliyehamia upande wa Waingereza, na inasemekana ni yeye aliyemzuia Hotspur asikimbilie kupanda kilima, akamshauri awaachie kazi wapiga mishale. Mishale ilimaliza karibu kila kitu. Archibald, Erli mpya wa Douglas, alipoteza jicho akatekwa, na pamoja naye Murdoch Stewart, mpwa wa mfalme wa Uskoti, na waungwana wengine wengi.

Mfalme Henry akaamuru mateka wakuu wasiachiwe kwa fidia bila idhini yake. Wengine walikabidhiwa, lakini Hotspur alikataa katakata kumtoa Douglas. Ukoo wake ulikuwa ukidai kwamba hazina haijawalipa takriban pauni 20,000 za ulinzi wa mpaka, na sasa walizuiwa kugusa hata fedha walizojipatia kwa jasho lao. Zaidi ya hayo, Edmund Mortimer, kaka wa mke wake Elizabeth, alikuwa ametekwa na Owain Glyndŵr, kiongozi wa waasi huko Welisi, na mfalme hakukubali akombolewe. Machi 1403 mfalme aliwapa ardhi za Douglas zilizoko Uskoti, ardhi ambazo kwanza iliwabidi waziteke wenyewe. Mimi naona mtu mpole kabisa naye angechoka.

Hotspur aliasi, na tarehe 21 Julai 1403 aliuawa karibu na Shrewsbury. Siku hiyo Douglas, mateka wake, alipigana upande wake, na Dunbar alikuwa upande wa mfalme. Uvumi ulipoenea kwamba Hotspur yu hai, maiti yake ilifukuliwa na kuonyeshwa hadharani, kisha ikakatwa vipande, na kichwa kikatundikwa York.

Mwanawe, aliyeitwa pia Henry, alipelekwa Uskoti na babu yake akiwa mtoto, akazuiliwa huko kwa miaka. Aliachiwa mwaka 1416 kwa kubadilishana na Murdoch Stewart yule yule aliyetekwa Homildon. Mfalme Henry wa Tano, mwana wa Henry wa Nne, akamrudishia cheo cha Erli wa Northumberland, akamkabidhi na ulinzi wa mpaka wa mashariki.

Mama yako