Jibu: Tangi jipya, samaki niwaweke lini?
Ndugu, umesema tangi lako la lita 60 umelijaza jana na unataka kuweka samaki kesho. Subiri kwanza. Maji yanaweza kung'aa na bado yakaua. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu vilevile, kisha wengine huigeuza kuwa nitrati, ambayo ikiwa kidogo haina shida. Bakteria hao huchukua kama wiki 4 hadi 6 kuzaliana vya kutosha kwenye sponji ya chujio. Washa chujio usiku na mchana, tia chembe za chakula kila siku, na upime maji. Amonia na nitriti zikisoma 0 huku nitrati ikionekana, anza na samaki wachache.

Maji ya bomba huwa na klorini, hivyo yatie dawa ya kuiondoa. Kila wiki badilisha robo tu, na sponji isuuze kwenye maji uliyoyatoa tangini, si bombani. Samaki wa dhahabu waache. Lita 60 haziwatoshi, muuzaji aseme asemavyo.